Maji ya Moto Nyuma ya Kiwanda cha Chupa

Kiwandani walimwita Koki, na si kwa sababu tu alikuwa fundi bomba. Koki iliyokazwa vizuri haidondoshi hata tone, na mdomo wake ulikuwa vivyo hivyo. Unaweza kufanya naye kazi mwaka mzima usijue ana watoto wangapi. Ukimuuliza habari za nyumbani atakujibu "salama," kisha atakukazia macho apime umeuliza kwa nia gani.

Usimcheke upesi. Kaka yake mkubwa alikuwa mtu wa tanuri katika kiwanda hichohicho cha chupa, enzi Koki angali kijana anayebebeshwa spana za wenzake. Siku moja wakaja mabwana wenye tai, wakawakusanya watu uani na kuwaambia semeni ukweli bila kuogopa, tunataka kuboresha kazi. Wakamuuliza kaka mtu zamu moja inahitaji watu wangapi tanurini. Kaka, mnyoofu kama rula, akasema sita ni wengi, wanne wanatosha kabisa. Wakamshukuru, wakampa na mkono. Mwisho wa mwezi watu wawili wakaachishwa kazi, na mmoja wao alikuwa yeye. Tangu siku hiyo Koki alijua kwamba mdomo uliponza kichwa, na kwamba swali la mkubwa ni ndoana hata likipakwa asali.

Sasa miaka imepita, Koki ana mvi, na uani wamekusanywa tena. Safari hii aliyesimama mbele hakuwa na tai. Alikuwa mhandisi mwanamke, kijana, viatu vya kazi miguuni, na nyuma yake bango kubwa la kijani lenye picha ya jani. Akasema kampuni imeamua kupunguza matumizi ya umeme na mafuta, kupunguza maji, kupunguza moshi. Alieleza vizuri, na kwa lugha ya watu. Lakini katika yote aliyosema, masikio ya Koki yalidaka neno moja tu, nalo ni kupunguza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huu kwa Koki haukuwa ung'ongo, ulikuwa nyoka yuleyule amevaa viatu vya kazi.

"Wanapunguza nini?" alimnong'oneza mlinzi wa lango aliyesimama pembeni yake.

"Moshi, wanasema."

"Moshi haulipwi mshahara," Koki akasema. "Anayepunguzwa huwa ni anayelipwa mshahara."

Mlinzi huyo jina lake la kazini lilikuwa Redio, na huhitaji kuambiwa kwa nini. Kufikia saa ya chakula maneno yale yalikuwa yameshazunguka kiwanda kizima na kuongezewa chumvi njiani.

Mhandisi akaanza kazi. Alikuwa na kamera inayoona joto: kilicho moto huonekana chekundu, kilicho baridi huonekana buluu. Alipita nayo kwenye mabomba, kwenye kuta za tanuri, kwenye milango, akitafuta joto linalovuja bure. Watu wakambatiza Bi Kamera. Redio, ambaye hajawahi kuikaribia ile kamera hata hatua kumi, akatangaza kwamba shabaha yake hasa ni binadamu. "Mtu akikaa bila kazi mwili unapoa," alisema langoni, "anatokea buluu. Buluu zote zinaandikwa." Basi ukimwona Bi Kamera anaingia karakana, ungedhani nyumba inaungua. Watu wanakimbia huku na huku, wanafagia palipofagiwa. Mtunza stoo, mzee mzima mwenye tumbo lake, alibeba sanduku tupu akazunguka nalo mpaka dada wa watu akamwonea huruma, akamwambia, "Baba, litue hilo, utaumia mgongo."

Koki hakukimbia. Yeye alikaza macho tu. Bi Kamera alimchukua wakapake maji ya sabuni kwenye viungo vya mabomba ya upepo, wapate kuona wapi panatoa povu, maana penye povu ndipo panapovuja. Walikuta matundu mengi ya aibu. Koki akayaziba, na kila alipoziba alijiuliza: fundi akishaziba matundu yote, anabaki na kazi gani? Dada yule alimsifu. "Fundi, mikono yako mizuri," akamwambia. Koki akasema asante, na rohoni akaandika kwamba sifa ndiyo chambo.

Lakini kilichomkosesha raha hasa hakikuwa ndani ya kiwanda. Kilikuwa nyuma ya ukuta.

Chupa hupulizwa kwa upepo, na upepo huo hushindiliwa na mashine kubwa zinazochemka kama mtu mwenye homa. Mashine hizo hupozwa kwa maji. Maji yanaingia baridi, yanatoka ya moto kiasi cha kuogea, safi, hayajagusa mafuta wala dawa. Tangu kiwanda kijengwe maji hayo yalikuwa yakitupwa kwa bomba lililotoboa ukuta wa nyuma, yakamwagika mtaroni, basi. Upande wa pili wa mtaro ndipo zilipo nyumba za watu, na ya Koki ikiwa mojawapo.

Alipokuwa bwana harusi mpya, mke wake alikuwa ameanza kufua nguo za gereji, zile ovaroli nyeusi zilizolowa grisi, ambazo maji baridi huziambia tu shikamoo yakapita. Koki aliona vidole vya mkewe vinachubuka. Siku moja ya mapumziko akachukua kiwiko cha bomba na kipande cha chuma, akavuka mtaro, akakifunga mdomoni mwa lile bomba na kuliinua juu, ndoo ikae chini yake sawasawa. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Hakusema hata neno, alimshika tu mkewe mkono akampeleka akaone. Mke akacheka mpaka akakaa chini. "Wenzangu wanaletewa magauni," akasema, "mimi nimeletewa bomba." Lakini alilipenda kuliko gauni, na kila mtu mtaani alijua.

Pale bombani ndipo ilipoota kazi yake yote. Ovaroli za gereji zikavuta vitambaa vya hoteli, vitambaa vikavuta wanawake wengine, wakajenga mawe ya kufulia, wakafunga kamba za kuanikia. Yeye wakamwita Mama Povu. Mama yake mzazi, ambaye magoti yalishagoma, aliletwa kila asubuhi akakalishwa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, akisimamia kazi ya watu kwa ulimi. Hakuna aliyewahi kuwapa ruhusa, na hakuna aliyewahi kuwakataza. Lakini kwa Koki, kila mtu wa ofisini aliyeonekana karibu na ukuta ule alikuwa amekuja kwa ajili ya kiwiko.

Kwa hiyo fikiria alivyojisikia siku Bi Kamera alipomsimamisha kwenye chumba cha mashine za upepo, akaelekeza kidole kwenye bomba lile lile linaloingia ukutani.

"Fundi," aliuliza kwa sauti ya kushinda kelele za mashine, "haya maji yakishatoka nje, kuna mtu anayatumia?"

Swali lilikuwa jepesi. Koki alimwona kaka yake amesimama uani anapewa mkono. Aliona kiwiko kikifunguliwa kama ushahidi. Alimwona mke wake ameitwa mwizi wa maji ya kampuni, na yeye mwenyewe akitolewa langoni na Redio akiangalia pembeni.

"Hakuna mtu," akasema.

"Hakuna kabisa? Juzi nilipita kule nyuma na gari, nikaona kamba za nguo."

"Wanaanika tu. Jua la kule ni zuri."

Dada akamtazama kidogo. "Una hakika, fundi? Nataka kujua kabla sijachora."

"Hakuna mtu, mhandisi. Yanaingia mtaroni, yanapotea."

"Haya. Basi hapo hakuna tatizo." Akaenda zake.

Koki alitoka mle ndani kifua mbele. Alijiona mjanja kweli, mtu aliyeuruka mtego uliomnasa kaka yake. Jioni ile, wakati wa chakula, hata aliongea bila kuulizwa, jambo lililomshtua mama mkwe akaacha kutafuna.

"Kuna mwanamke wa ofisini anapitapita na kamera," alimwambia mkewe. "Akija kule bombani akakuuliza, humjui mtu, hujaona kitu."

"Nifiche nini, baba watoto? Mimi nafua nguo, sigawi magendo."

"Watu wa ofisini hawaulizi bure."

"Labda anauliza kwa sababu hajui," akasema Mama Povu, na akaondoa vyombo.

Haukupita muda mrefu kazi ya mabomba ikaanza. Mabomba mapya yaliletwa, yamefungwa sufi ya kuhifadhi joto. Mafuta ya tanuri ni mazito kama uji, lazima yapashwe ndipo yatembee, na siku zote yalipashwa kwa kuchoma mafuta mengine. Sasa Bi Kamera amechora njia: maji ya moto yasitupwe tena, yazungushwe yakapashe tangi la mafuta, yapoe, yarudi kwenye mashine, na kuzunguka hivyo daima. Alipowaeleza mafundi alikuwa na furaha ya mtoto. Na haki isemwe, ilikuwa akili nzuri. Ilibaki kazi moja ndogo: kukata bomba la ukutani na kuliziba. Karatasi ya kazi ilitoka na jina la Koki.

Hapo angeweza kusema. Angesema, mhandisi, ngoja, nilikosea. Lakini kusema wakati ule kulimaanisha kwanza kuitwa mwongo, na mtu aliyeishi kwa kushuku wenzake haamini kwamba yeye atasamehewa. Akabeba spana.

Alikata bomba asubuhi, upande wa ndani, mashine zimezimwa kwa ajili hiyo. Ukuta ule ni wa tofali moja tu, na sauti hupita. Alimsikia mama mkwe akimsuta mtu kwa kuacha sabuni kwenye maji. Alimsikia mkewe akicheka, kile kicheko chake cha kukatika katikati. Akaweka kifuniko, akakaza. Akakaza tena. Upande wa pili ndoo ikasikika ikiburutwa, kisha mwanamke mmoja akasema, "Jamani, maji!" Koki alisimama pale ameshika spana, jasho likimtoka, mpaka msaidizi wa mashine akaja kumuuliza kama anaumwa.

Jioni mke alimngojea mlangoni.

"Yamekatika."

"Yamekatika?" alisema Koki, na uso alioutengeneza ungetosha kuigiza jukwaani.

"Wewe si uko humo ndani? Hukusikia kitu?"

"Nitauliza."

Kesho yake akaja na jibu kwamba ni amri ya juu. Juu wapi, hakusema. Na panapokosekana jibu, watu hutafuta mtu. Wanawake wa bombani walikaa wakapekua kumbukumbu zao, na wote wakafika kwa Redio. Si yeye aliyekuja majuzi kuleta sare zake zifuliwe? Si yeye aliyeuliza mbona leo mko wengi? Mtu mwenye mdomo vile atashindwaje kupeleka habari ofisini? Hukumu ikatoka. Sare za Redio zikarudishwa na uchafu wake, salamu zake zikaachwa hewani.

"Mkeo, shemeji yangu, hanijibu," Redio alimlalamikia Koki langoni, na safari hii hakuwa na mzaha. "Amenipita sokoni kama anapita mti. Nimefanya nini, ndugu yangu?"

Koki angeweza kumwambia. Alikagua kamba za viatu vyake. "Wanawake hao," akasema, "wataacha tu."

Nyumbani mambo hayakuwa bora. Mama mkwe alihamishiwa barazani, miguu imefunikwa blanketi, na alikuwa na siku nzima ya kufikiri. "Baba," alimwambia mkwe wake siku moja, macho kwenye beseni lake kavu, "kikulacho ki nguoni mwako." Hakumaanisha lolote zaidi ya Redio. Lakini tonge lilimkwama Koki, akapigwa mgongoni na mke wake mwenyewe.

Mama Povu si mtu wa kukaa chini akalia. Maji ya moto yamekwisha, grisi haijakwisha. Akapata mapipa mawili, akanunua mkaa wa bei rahisi, ule usioiva unaofuka moshi, wenzake wakafuata, na mtaro ukawa kama jiko la jeshi. Walichemsha maji tangu alfajiri. Macho yakawa mekundu, vifua vikaanza kukohoa, na mkaa ukala karibu kila walichopata. Moshi uliinuka, ukasitasita, kisha ukaruka ukuta kuingia kiwandani, kama vile unakwenda kudai chake.

Nako kiwandani walikuwa wakingojea wageni wa kuja kuona mafanikio. Bango jipya lilikuwa limetundikwa langoni, likisema bomba la moshi la tanuri sasa halitoi hata nusu ya moshi wa zamani. Na ni kweli lilikuwa halitoi. Ndipo Bi Kamera alipotupa macho nyuma akaona wingu linapanda karibu kabisa na tangi la mafuta. Alidhani linaungua.

"Fundi! Njoo na spana!"

Koki alimfuata, afanyeje? Walizunguka ukuta kwa nje, dada anakimbia, yeye anaburuta miguu kama mtu anayepelekwa kunyolewa kwa nguvu. Walipokata kona, yakawa mbele yao: mapipa, mkaa, wanawake wamejifunga vitambaa puani, na katikati yao Mama Povu amekunja mikono ya gauni mpaka mabegani.

"Shikamoo, mama," alisema Bi Kamera akihema. "Moshi huu ni wenu?"

"Marahaba, mwanangu. Ni wetu." Mama Povu alimwona mumewe nyuma, akashangaa kidogo, akaendelea. "Tulikuwa na maji ya moto hapa. Mmeyaziba. Sasa mlitaka tufue kwa mate?"

Dada aliangalia bomba kavu, akaangalia kiwiko kilichoinuliwa kwa ndoo, kimepata kutu na kung'arishwa na mikono ya miaka. Akagusa. Uso ukamsawijika.

"Mlikuwa mnayatumia haya maji?"

"Tangu hujazaliwa."

"Lakini niliuliza!" Sauti yake ilipasuka, na haikuwa sauti ya mtu anayejitetea, ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Niliuliza kabla sijachora, mama. Kuwaachia tawi moja lije huku ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Ningepima mtambo mdogo wa kupashia mafuta, na joto lingetutosha sote. Sasa umenunuliwa mtambo wa kutumia maji yote, kuufungua ni kuanza upya. Nitaomba, lakini sitakudanganya, mwaka huu hautafunguliwa." Alitazama lile bomba la moshi la tanuri, jembamba na safi, kisha mapipa ya mkaa. "Kumbe hatukuupunguza moshi. Tumewahamishia ninyi. Niliambiwa kwamba hakuna mtu."

"Uliambiwa na nani?"

Bi Kamera hakumtaja mtu, na kwa hilo Koki atamshukuru mpaka anaingia kaburini. Lakini macho hayana koki. Yalikimbia yenyewe mpaka kwenye spana iliyokuwa mkononi mwa fundi, na macho ya wanawake wote yakafuata njia hiyohiyo.

Mama Povu aliinama akachochea mkaa wake.

Jioni Koki alisema yote, na alisema mengi kuliko aliyowahi kusema ndani ya nyumba ile. Alisema habari za kaka yake, za kiwiko, za hofu ya kuitwa wezi. "Nilikuwa nakulinda," alisema. "Mke wangu, wallahi nilikuwa nakulinda." Mama mkwe alikuwa amegeukia ukutani. Mke alisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia, akaenda kulala.

Asubuhi Koki aliamka na matumaini, maana kimya cha mkewe alikizoea kukisoma kama msamaha. Akatoka uani. Kambani zilikuwa zimeanikwa sare za Redio, zilizofuatwa kwake alfajiri, nyeupe, zimenyooshwa kola, zimefuliwa kwa maji ya mkaa. Chini, palepale alipoiacha, ilikuwa ovaroli yake ya kiwandani, imekakamaa kwa grisi. Tangu waoane haijawahi kulala chafu.

"Mke wangu," aliita taratibu, "hii mbona haijafuliwa?"

Mama Povu alitokea mlangoni, kapu la mkaa kichwani, macho mekundu. Si yote yalikuwa ya moshi.

"Niliipeleka kule bombani," alisema. "Nikakuta hakuna mtu."